Kodi Inayozaliwa na Hasara

Ukikaa na watu wanaojadili uchumi wa Mwanza, iwe kwenye ukumbi wa hoteli kule Capri Point au kwenye benchi la kahawa pale Makoroboi, suala la kamari humalizwa kwa sentensi moja: watu watacheza tu, kwa hiyo wacheze kwa leseni, kampuni zilipe kodi, na hoteli zetu ziwe na kasino za kuvuta wageni. Sentensi hiyo imerudiwa mara nyingi mno hata hakuna anayeidai ushahidi. Anayeipinga huambiwa anahubiri, akatafute mimbari. Mimi nitaipinga kwa hesabu, maana wanaoisema wanajiona wako salama kwenye hesabu, na hapo ndipo penye ufa mkubwa.

Tusijifanye tunaamua leo kama kamari iwe halali au haramu kisheria. Hilo lilikwishaamuliwa. Baada ya uhuru tulikuwa na sheria ya mwaka 1967 iliyosimamia bahati nasibu, kisha ya mwaka 1974 iliyohusu Bahati Nasibu ya Taifa, na kwa muda mrefu mchezeshaji mkubwa alikuwa Serikali yenyewe. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 ikazifuta zote mbili, ikaunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, ikaweka utaratibu wa leseni kwa kampuni binafsi: kasino, mashine za sarafu, kubashiri matokeo ya michezo, bahati nasibu za kila namna. Kuanzia miaka 18 unaruhusiwa kucheza. Kilichobaki kujadiliwa ni mahali pa kuchezea, kasi ya mchezo, na nani anayefaidika. Ni kwenye swali hilo la tatu ndipo kauli ya leseni na kodi inapotupotosha.

Kodi kuu ya michezo hii haitozwi kwenye fedha zote zinazochezwa. Inatozwa kwenye mapato ghafi ya mchezo. Chukua fedha zote walizoweka wachezaji, toa zile zilizorudi kwao kama ushindi, kinachobaki ndicho kinachokatwa kodi. Lakini kinachobaki ni nini kama si jumla ya fedha ambazo wachezaji wamepoteza? Sheria ya Fedha ya mwaka 2021 ilipandisha kiwango kwa ubashiri wa michezo kutoka asilimia 25 hadi 30, asilimia 5 kati ya hizo zikielekezwa Mfuko wa Maendeleo ya Michezo, na papo hapo ikapunguza kodi anayokatwa mshindi kutoka asilimia 20 hadi 15. Wengi walishangilia kwamba sasa kampuni zinabanwa. Tazama lakini kiwango hicho kinavyofanya kazi: ili Serikali ipate shilingi 30, lazima kwanza wachezaji wawe wamepoteza shilingi 100. Kwa kiwango chochote kilichowekwa hakuna njia nyingine. Makusanyo hayawezi kupanda bila hasara ya wachezaji kupanda, na hasara hiyo inapanda kwa zaidi ya mara tatu ya makusanyo.

Kwa hiyo kila tunaposikia kwamba mapato ya Serikali kutokana na michezo ya kubahatisha yameongezeka bila kiwango cha kodi kubadilika, tunapaswa kusikia na nusu ya pili ya habari: wananchi wamepoteza zaidi kuliko mwaka uliopita. Sijui kodi nyingine ambayo kumkusanyia Waziri wa Fedha shilingi 30 kunahitaji kwanza mwananchi apoteze 100, na Bunge likaipitisha bila kukunja uso.

Najua jibu linalokuja. Hizo 70 zilizobaki hazijatupwa ziwani, zinalipa mishahara ya wahudumu, kodi za pango, matangazo ya redio. Ni kweli kwa sehemu. Binti anayekaa nyuma ya dirisha la duka la kubetia pale Igoma analipwa, na mwenye fremu analipwa. Lakini mitambo, programu na faida ya wenye hisa haziko Igoma, na nyingine haziko Tanzania. Tena shilingi elfu mbili za kijana wa Mabatini hazikuwa zimelala usingizi zikisubiri kampuni ije kuziamsha. Zingenunua petroli ya pikipiki, sahani ya ugali na sato kwa mama lishe, soda, vocha, daftari la mtoto. Kwenye petroli Serikali ingechukua chake, kwenye soda na vocha vilevile, na mama lishe angezipeleka sokoni kwa muuza nyanya. Fedha ile ingezunguka ndani ya wilaya yetu ya Nyamagana mara kadhaa kabla ya kutoka. Tunachokiita mapato mapya kwa kiasi kikubwa ni fedha ileile iliyobadilishiwa njia, ikapita mahali ambapo haiachi kitu.

Mwanza hii inapaswa kulielewa jambo hilo kuliko mji mwingine wowote nchini, kwa kuwa imewahi kuona vihela vidogo vya watu wengi vikikusanywa kwa namna nyingine kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walichoshwa na mizani ya wanunuzi iliyowapunja, wakaanza kujipanga wapime mzigo wao wenyewe. Kutoka huko kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Victoria, kilichoundwa mwaka 1955, na Paul Bomani akawa sura yake kabla ya kuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika huru. Senti za kila kilo ya pamba, ambazo mmoja mmoja zisingejenga hata banda la kuku, zikajenga vinu vya kuchambulia pamba vilivyomilikiwa na wakulima weusi, wakati ambapo wengi hawakuamini Mwafrika angeweza kumiliki kinu. Timu ya soka ya Pamba, Lindanda wetu, imebeba jina la zao hilo hadi leo. Yaliyoukuta ushirika baadaye, wizi wa ndani na mkono wa Serikali kutoka nje, ni habari ndefu na chungu. Lakini makusanyo yale yalikuwa na anwani. Ungeweza kumpeleka mwanao ukamwonyesha kinu, ukamwambia senti zetu ziko humu. Kijana aliyebeti kila wikiendi tangu amalize kidato cha nne atamwonyesha nani, na amwonyeshe nini?

Turudi kwenye kasino na wageni. Hapa watetezi wana mifano mizuri ya kupendeza: Monaco, Macau, Singapore. Nawaomba waisome mifano yao hadi mwisho. Monaco, nchi ndogo iliyopata jina kwa kasino yake, hairuhusu raia wake wenyewe kucheza humo. Macau inaishi kwa fedha za watu wanaotoka China bara na Hong Kong. Singapore ilipofungua kasino zake mbili mwaka 2010 iliwawekea raia na wakazi wake wa kudumu kiingilio cha dola 100 za nchi hiyo kwa siku, mwaka 2019 ikakipandisha hadi 150, wakati mgeni mwenye pasipoti anaingia bure. Korea Kusini ina kasino kadhaa, lakini ni moja tu ambayo Mkorea anaruhusiwa kuchezea, nayo ilifunguliwa mwaka 2000 huko milimani ambako migodi ya makaa ya mawe ilikuwa imefungwa na watu wamebaki bila kazi. Hata Sun City, hoteli ya kasino iliyofunguliwa mwaka 1979 ndani ya Bophuthatswana, eneo ambalo utawala wa ubaguzi uliliita nchi huru, ilijengwa ili Wazungu wa Afrika Kusini wavuke kwenda kufanya huko walichokatazwa kwao.

Yaani waliotajirika kwa kasino wamelijua sharti lake tangu mwanzo: faida hupatikana hasara inapobebwa na mtu wa nje. Fedha ikitoka mfukoni mwa mgeni ni mauzo ya nje, sawa na kumuuzia samaki. Ikitoka mfukoni mwa jirani ni kuhamisha chungu kutoka jiko hadi jiko, na kumwaga mchuzi njiani.

Sasa nionyeshwe huyo mgeni wa Mwanza. Watalii tunaopata wanakwenda Serengeti kupitia lango la Ndabaka au wanavuka kwenda kisiwa cha Saanane, na hakuna aliyekuja hapa kwa ajili ya ruleti wala atakayekuja, kwa sababu ruleti iko mlangoni kwake huko alikotoka. Wageni wetu wengi ni wafanyabiashara wa Bukoba, Musoma, Geita na Shinyanga, na tangu Daraja la Magufuli la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe Juni 2025 wale wa Bukoba na Geita wanafika kwa urahisi zaidi. Hao si watu wa nje. Ni walaji na wauzaji wa uchumi uleule wa ziwa: dagaa, sangara, mabondo, dhahabu, pamba, ng'ombe. Mtaji wa mnunuzi wa dagaa ukikatika kwenye meza ya kasino usiku, asubuhi kuna mvuvi wa Ukerewe ambaye hatalipwa.

Pamoja na hayo sitasema kasino ya hoteli ndiyo adui mkubwa. Ina mlango. Ina mlinzi anayeangalia umri na mavazi. Inakudai usafiri wa kuifikia na nauli ya kurudi. Ruleti ya kawaida ina vyumba 37, na ukipatia namba moja unalipwa mara 35 ya ulichoweka na kurudishiwa ulichoweka, hivyo kwa wastani nyumba inabakiza shilingi 27 katika kila 1,000. Ni hasara ya uhakika, lakini ni ndogo kwa kila mzunguko, na inampata mtu aliyefunga safari kuifuata. Kama leseni zingeishia hapo, makala hii nisingeiandika.

Hazikuishia hapo. Kilichofuata leseni Nyamagana ni mashine ya sarafu, ile ambayo vijana wanaiita dubwi, iliyowekwa kwenye baraza la duka, pembeni ya mizani ya sukari, mahali ambapo mtoto ametumwa chumvi na kubaki na chenji ya mia mbili mkononi. Mia mbili ndiyo hasa mashine inayoitaka. Hakuna mlango wala mlinzi, na mwenye duka ana hisa katika kila sarafu inayoingia, hivyo sijui ni nani tunayemtegemea amwambie mtoto aende nyumbani. Bodi ina masharti juu ya mahali mashine zinapowekwa, na imekuwa ikikamata zisizo na leseni. Lakini mashine ni kisanduku cha kubebeka. Ikiondolewa Mkolani Jumatatu, Jumatano iko Buhongwa.

Kisha ikaja simu, nayo ikaondoa hata haja ya kutoka kitandani.

Hapo watetezi husema: mtu mzima na fedha yake, hiari yake. Ni hoja yenye uzito na siidharau. Nisingependa kuishi katika nchi inayomchungulia kila mtu mfukoni. Ila hiari inadai vitu viwili: ujue unachonunua, na kiwe chako unachokitoa.

Tuanze na kujua. Chukua mkeka wa mechi kumi, ambao ndio unaopendwa kwenye vibanda umiza kwa sababu unaahidi fungu kubwa kwa elfu moja. Tuseme kila mechi ina nafasi sawa ya kutokea au kutotokea, kama sarafu, na kampuni inalipa 1.90 badala ya 2. Kwa mechi moja inabakiza shilingi 5 katika kila 100, si jambo la kutisha. Lakini mkeka unazidisha. Malipo ya haki ya mechi kumi za namna hiyo ni 2 ijizidishe mara kumi, yaani 1,024. Ya kampuni ni 1.90 ijizidishe mara kumi, yaani kama 613. Kijana anaona elfu moja yake inageuka 613,000 na macho yanang'aa. Haoni kwamba kwa hatari ileile aliyoichukua alistahili 1,024,000, kwamba ile 5 ndogo imejikusanya ikawa 40 katika kila 100, na kwamba nafasi yake ni moja kati ya 1,024. Akiweka mkeka kama huo kila siku, kwa wastani atasubiri karibu miaka mitatu kupata mmoja uliokamilika. Mikeka mingine yote itachanika, na baadhi itachanika kwa mechi moja tu, jambo linalomwacha na hisia kwamba alikaribia. Hakukaribia. Mkeka wenye mechi moja iliyokosewa na mkeka wenye mechi kumi zilizokosewa unalipa sawasawa.

Ile michezo ya kwenye simu ya kindege kinachopaa kikalipuka ina ujanja tofauti. Hapo kampuni inaweza kabisa kubakiza shilingi 3 tu katika kila 100, pungufu ya mkeka kwa mbali, na ikajitangaza kuwa ni mchezo wa haki. Silaha yake ni kasi. Mtu anayeweka 500 kila mzunguko, mizunguko miwili kwa dakika, ndani ya saa moja ameweka shilingi 60,000, hata kama mfukoni alikuwa na 10,000, kwa maana fedha inaingia na kutoka na kuingia tena. Asilimia 3 ya 60,000 ni 1,800. Huo ni wastani wa saa moja tu kwa mtu anayesubiri abiria pale stendi ya Nyegezi. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayekubali kulipa 1,800 kwa saa kwa ajili ya kutazama kindege kwenye kioo. Analipa kwa sababu hakuna aliyemwambia bei.

Halafu hiyo fedha yake. Dereva wa bodaboda asubuhi anadaiwa hesabu ya mwenye pikipiki. Jioni anadaiwa rejesho la kausha damu, na mke wake anadaiwa hisa za kikoba. Kwa dini zetu hapa hakuna utata mkubwa: Qur'ani katika Sura ya Al-Maida imekataza kamari moja kwa moja, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, ambayo ni laini zaidi, inasema michezo ya bahati si kosa kwa yenyewe, ila inakuwa kosa inapomnyima mtu mahitaji yake au ya wanaomtegemea. Mpaka huo unaweza kuukubali hata kama huna dini. Fedha ya tajiri anayecheza ziada yake ni yake. Fedha inayochezwa Mabatini saa nne asubuhi mara nyingi ina wenyewe watatu au wanne, na hao hawakuulizwa hiari yao.

Hata hivyo nawageukia na wa upande wangu, maana nao wana kauli yao iliyozoeleka ambayo haisimami. Wazee wetu, walimu, na viongozi wengi majukwaani husema vijana wanabeti kwa uvivu. Anayesema hivyo hajaamka saa kumi alfajiri akaenda Mwaloni Kirumba kuona nani anabeba magunia ya dagaa. Kijana anayebeti Mwanza anafanya kazi. Anaendesha, anabeba, anapara samaki, anasukuma mkokoteni. Tatizo lake ni kwamba kazi hiyo inampa elfu tano, elfu nane, elfu kumi kwa siku, inayoliwa siku hiyohiyo, na kila kitu kinachoweza kumtoa hapo alipo kinauzwa kwa mkupuo: pikipiki, mashine ya kuchomelea, leseni ya udereva, pango la miezi sita. Mtafiti wa uchumi Sylvan Herskowitz aliwachunguza wanaobeti jijini Kampala, ng'ambo ya ziwa letu hilihili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Alikuta kwamba kwa wengi mkeka ni njia ya kutafuta fedha ya mkupuo wasiyoweza kuipata kwingine. Waliporahisishiwa kuweka akiba, hata kwa kisanduku tu cha kutunzia fedha, hamu ya kubeti ilishuka.

Matokeo hayo yanatuvua sote nguo, watetezi na wapingaji. Mvivu humwambii chochote kwa kisanduku cha akiba. Anayeitikia kisanduku ni mtu aliyekuwa anatafuta mtaji, akakuta dirisha lililo wazi usiku na mchana ni la kampuni ya kubeti. Halmashauri zetu zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 kutokana na ubadhirifu, ukarejeshwa mwaka 2024. Kwa kipindi chote dirisha hilo lilipokuwa limefungwa, la kubeti halikufungwa hata siku moja.

Kuna kauli nyingine inayosemwa sana kando ya ziwa, nayo naiheshimu zaidi kwa sababu inasemwa na watu wanaojua hatari. Wanasema maisha yenyewe ni kamari: mvuvi anatweka tanga hajui atarudi na nini, mchimbaji wa Geita anashuka shimoni hajui kama kuna mwamba, mkulima anapanda hajui kama mvua itafika. Kwa nini basi muwaonee wanaobeti?

Nimeifikiria sana, na naona inakosea mahali pamoja penye uzito. Ziwa halina faida katika hasara ya mvuvi. Halikai usiku likipanga namba ili kwa wastani yeye apoteze. Mvuvi wa dagaa anajua giza la mwezi, anajua upepo, anajua kwamba mbalamwezi ikitoka atulie nchi kavu atengeneze nyavu, na kila msimu unampa ujuzi unaopunguza hatari ya msimu ujao. Akikosa leo, kesho si mjinga zaidi. Na akipata, kuna samaki: mtu amekula, mchuuzi amepata mzigo, kiwanda cha samaki cha Igogo kimepata kazi. Kwenye mashine hakuna ujuzi unaojengeka hata ukiicheza miaka 20, na ushindi wa mmoja hauongezi kitu chochote duniani, ni fedha za walioshindwa zilizopunguzwa kwanza na mwenye mashine. Kumwita mvuvi mcheza kamari ni kumpa mwenye dubwi heshima ambayo hakuilowania maji.

Kuhusu mpira nitasema kidogo. Mwaka 2017 kampuni ya kubeti ya SportPesa iliingia kwa Simba na Yanga kwa kishindo kama mdhamini, ikawaleta Everton Dar es Salaam, na tangu hapo imekuwa kama sheria ya asili kwamba bila kampuni za kubeti mpira utakufa. Watazame majirani. Kampuni hiyohiyo ilipogombana na Serikali ya Kenya kuhusu kodi na leseni, klabu za Gor Mahia na AFC Leopards zilibaki zinahangaika na mishahara. Na timu inaweza kubebwa kwa njia nyingine: Pamba yetu ilishuka daraja mwaka 2001 ikarudi Ligi Kuu mwaka 2024 ikiwa mikononi mwa Jiji. Na hata pale udhamini unapokuwa mkubwa, fedha hizo zimetoka kwa mashabiki walewale waliojaza uwanja wa Kirumba kwa viingilio.

Basi tupige marufuku? Hapana, na nasema hapana nikiwa najua wengi wanaokubaliana nami hadi hapa wataondoka. Kenya iliinyima SportPesa na Betin leseni mwaka 2019, zikafunga, wafanyakazi wakarudi nyumbani, na wachezaji wakahamia kampuni nyingine. Uganda ilitangaza Januari mwaka huohuo kwamba haitatoa leseni mpya kwa kampuni za kubeti, na sheria yake ya 2016 ilikuwa tayari imepandisha umri hadi miaka 25, lakini Kampala bado inabeti. Marufuku ya jumla inampa polisi wa doria chanzo kipya cha rushwa na kumpeleka mchezaji mahali asipoonekana.

Ila kati ya marufuku na mlango wazi kuna uwanja mpana, na waliotutangulia wameupima. Norwei iliziondoa mashine zote za sarafu madukani na vituoni mwaka 2007, ilipozirudisha ikazirudisha chache, kwa kadi yenye jina la mchezaji na kikomo cha kupoteza. Uingereza mwaka 2019 iliteremsha kiasi cha juu cha kuweka kwenye mashine za maduka ya kubetia kutoka pauni 100 hadi pauni 2 kwa mzunguko. Nchi hizo mbili ziliacha mchezo uendelee kuwa halali. Kilichokatwa ni kasi na ukaribu, ambavyo ndivyo vinavyoumiza.

Sisi tunaweza, tena kwa urahisi kuliko wao walivyoanza. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole umeshafanyika, ulikamilishwa mwaka 2020, na karibu kila shilingi inayokwenda kwenye kampuni ya kubeti inapita kwenye laini yenye jina na tarehe ya kuzaliwa. Kikomo cha kupoteza kwa siku na kwa mwezi, kinachofuata namba ya kitambulisho popote mtu atakapohamia, ni kazi ya mafundi wa programu, na mafundi hao wapo. Fedha iliyokopwa kwa simu isiruhusiwe kwenda kubeti siku hiyo. Kila mkeka uandikwe wazi, kabla ya kubonyeza, kampuni inabakiza kiasi gani katika kila mia. Kasino zibaki hotelini, na mkazi alipe kiingilio kinachomfanya afikiri, kama Singapore. Na Bodi itenganishwe na jukumu lolote la kujivunia makusanyo, kwani msimamizi anayepimwa kwa ukubwa wa mapato hawezi wakati huohuo kupimwa kwa udogo wa hasara.

Mengine hayahitaji kusubiri Dodoma. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 inaipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo, na diwani ana haki ya kuuliza. Diwani wa Igoma, wa Mkolani, wa Buhongwa aiombe Bodi orodha ya mashine zenye leseni katika kata yake na mahali kila moja inapotakiwa kuwa, aisome kwenye mkutano wa hadhara, wenyeviti wa mitaa wakazihesabu na wananchi wao baraza kwa baraza. Isiyo kwenye orodha itolewe siku hiyo. Iliyo kwenye orodha lakini imekaa njiani kwa watoto wa shule, kata iandike kuomba leseni yake ifutwe, na barua hiyo iwe na saini za wazazi.